Mnyororo Uliolegea na Safari ya Kesho

Msomaji, kuna swali dogo ambalo kila mwenye baiskeli hulijibu mara nyingi maishani mwake, na aghalabu hulijibu bila ya kujua kwamba amelijibu. Swali lenyewe ni hili: Je, ni halali mtu kuanza safari ndefu juu ya chombo ambacho anajua, au anashuku, kwamba kina kasoro? Siisemi kasoro iliyojificha ndani ya chuma, ambayo hata jicho la fundi haliwezi kuiona. Hiyo ikitokea ni ajali, wala hakuna wa kulaumiwa. Naisema kasoro iliyokwisha kutoa sauti: mnyororo unaogonga kifuniko chake, pedali inayoteleza kidogo mguu unapokaza, mlio mkavu unaorudi kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Umeisikia. Kesho alfajiri unatoka. Utafanya nini usiku huu?

Usilidharau swali hili kwa kuwa linahusu baiskeli. Tumezoea kudhani kwamba maadili ni mambo ya mahakama, ya ndoa na ya serikali, na kwamba karakana ni mahali pa mafuta na nyundo tu. Walakini mtu hapati nafasi ya kuisaliti nchi yake kila siku, bali nafasi ya kujidanganya juu ya mnyororo huipata kila juma. Kama twataka kujua dhamiri ya binadamu hufanyaje kazi, afadhali tuitazame pale inapofanya kazi mara nyingi.

Na tuanze na chombo chenyewe, maana asiyekifahamu chombo hawezi kumhukumu aliyekipanda. Ichukue baiskeli ya kawaida ya nchi yetu, ile nyeusi na nzito ambayo watu waliipa jina la Black Mamba. Haina gia za kubadilisha. Mguu husukuma pedali; pedali huzungusha gurudumu kubwa la meno lililo katikati; gurudumu hilo huvuta mnyororo, na mnyororo huzungusha gurudumu dogo la meno la nyuma, ambalo mafundi huliita friwili. Njia nzima ya nguvu ni hiyo, na kila jambo litakalotokea barabarani litatokea mahali fulani katika njia hiyo. Mnyororo wa namna hii, wenye pini, bushi na vigurudumu vidogo, ulibuniwa na Hans Renold katika mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Miaka mitano baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry aliutumia mnyororo kuendesha gurudumu la nyuma la baiskeli yake iliyoitwa Rover, na umbo lile ndilo tunalolipanda hata leo.

Watu husema kwamba mnyororo wa zamani umerefuka, kana kwamba chuma kimevutika kama mpira. Sivyo. Chuma kimebaki na urefu wake. Kilichotokea ni kwamba kila pini imelika kidogo ndani ya bushi yake, kiasi kisichoweza kuonekana kwa macho, na upungufu wa pini moja umejumlishwa na upungufu wa jirani yake, na wa jirani wa jirani yake, mpaka mnyororo mzima ukawa hauafikiani tena na meno unayoyazunguka. Jambo hili ni rahisi kulipima. Kutoka pini hadi pini pana nusu inchi. Weka rula juu ya mnyororo ulionyooshwa, sifuri iwe katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele yake. Katika mnyororo mpya pini ya 24 itaangukia inchi 12 kamili. Ikipita hapo kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo umeanza kuzeeka. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, umekwisha, na yamkini umekwisha kuyala meno pia, ambayo utayaona yamechongoka na kuinama upande mmoja.

Kadhalika, mnyororo uliokazwa vizuri hupanda na kushuka kama nusu inchi hivi ukiuinua kwa kidole katikati. Ukicheza zaidi ya hapo, utaruka meno, na ukikazwa kama waya wa simu, utaila friwili. Kuukaza ni kulegeza nati za gurudumu la nyuma, kulivuta gurudumu nyuma kwa usawa, na kuzifunga tena nati. Kazi yote haizidi robo ya saa. Ndani ya friwili mna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi, na hivyo ndivyo vinavyoshika unapokanyaga na kuachia unapopumzika. Vikijaa matope au springi zake zikichoka, mguu hukanyaga hewa. Na mkono wa pedali umeshikwa kwenye ekseli kwa kabari ndogo ya chuma. Kabari hiyo ikilegea, utausikia mguu ukicheza mara moja katika kila mzunguko.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja. Mtu anayesema, "Sikujua," huwa amesema kweli mara chache. Rula ni ya mwanafunzi wa darasa la nne. Kidole anacho kila mtu. Tofauti kati ya anayejua na asiyejua, katika jambo hili, si elimu, ni kuinama.

Sasa turudi usiku ule, taa imewashwa na baiskeli imeegemezwa ukutani. Sauti ya kwanza inayokuja moyoni haisemi, "Mnyororo ni mzima." Moyo si mjinga kiasi hicho. Husema, "Juzi ulinifikisha." Kisha husema, "Fulani ana mnyororo mbovu kuliko wangu na kila siku yuko barabarani." Kisha, kwa upole mkubwa, husema, "Mungu yupo." Kila neno katika haya ni la kweli, na kwa yote matatu pamoja mtu amejidanganya. Angalia kwamba hakuna hata moja linalohusu mnyororo. Juzi imekwisha kupita. Fulani hatakuwa nawe mlimani. Na Mungu hakusema popote kwamba atakaza nati.

Jambo hili liliwahi kuchunguzwa kwa makini na mtaalamu wa hesabu wa Kiingereza, William Kingdon Clifford, ambaye mwaka 1877 alitoa insha mashuhuri juu ya maadili ya kuamini. Humo alimtaja mwenye meli anayekaribia kupeleka wahamiaji ng'ambo ya bahari. Meli ni kuukuu, imekwisha kutengenezwa mara nyingi, na watu wamemtia shaka kwamba haifai safari. Matengenezo yatamgharimu. Basi mwenye meli anajituliza polepole: imevuka tufani ngapi na kurudi salama, Mola hawezi kuwaacha watu wote wale. Mwishowe anaamini kwa moyo wake wote kwamba meli ni nzima, anaiaga kwa furaha, inazama katikati ya bahari, naye anapokea fedha za bima. Clifford anamtia hatiani, na hapo kila msomaji anakubaliana naye. Lakini anaendelea mbele hatua moja ambayo wengi hawaipendi. Anasema kwamba hata kama meli ingefika salama, mtu yule angekuwa na hatia ile ile, ila tu isingegunduliwa.

Wanafunzi wangu hukataa hatua hiyo ya pili kila mwaka, na huikataa kwa kelele. Wanasema, "Mwalimu, ikiwa hakuna aliyeumia, kosa liko wapi?" Kwa hakika pingamizi yao si ya kitoto. Mahakama zenyewe humwadhibu aliyeua kwa uzembe kuliko aliyezembea bila kuua. Lakini hebu wafikirie wapanda baiskeli wawili wanaotoka Kisumu kwenda Kakamega asubuhi moja, minyororo yao imelika sawasawa, na wote wawili waliisikia sauti jana wakazima taa wakalala. Njia hiyo ina urefu wa kama kilomita 50. Ukishapita Kiboswa waanza kuupanda mlima wa Nyang'ori, na huko ndiko baiskeli inakodaiwa kila ilichokopa. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali moja, mnyororo havutwi kwa nguvu ya kilo 60. Mkono wa pedali una sentimita 17, na gurudumu la meno, kama lina meno 46 hivi, lina nusukipenyo cha kama sentimita tisa. Piga hesabu, nawe utapata kwamba mnyororo wavutwa kwa nguvu ya kama kilo 110. Hapo pini iliyochoka hukatika, au mnyororo huruka meno. Mguu hushuka ghafula, kifua hupiga usukani, baiskeli huyumba upande wa barabara, na barabara ile ina malori.

Mmoja wa wale wawili mnyororo wake umekatika pale, na nyuma yake palikuwa na lori. Wa pili wake umekatika pia, lakini nyuma yake palikuwa na ng'ombe. Yule anazikwa, au amemfanya dereva asiye na kosa awe mwuaji. Huyu anasukuma baiskeli mpaka juu akisimulia kisa chake kwa kicheko. Niambie, msomaji, huyu wa pili alifanya nini jana usiku ambacho mwenzake hakukifanya? Ng'ombe si fadhila yake. Mimi naungana na Clifford. Matokeo yaweza kutuongezea huzuni, na yaweza kuiongezea mahakama kazi, lakini hayawezi kurudi nyuma yakaubadilisha usiku ule.

Hapa lazima nitaje methali ambayo bila shaka imekwisha kukujia, ya ufa na ukuta. Hutajwa sana katika maneno ya namna hii, nami siioni kuwa yatosha. Methali hiyo yazungumza juu ya gharama: ziba sasa kwa kidogo, usije ukajenga kwa kingi. Ni shauri zuri la mwenye duka. Lakini je, kama ukuta si wako? Kama ufa uko kwako na ukuta utamwangukia jirani? Shauri la gharama halina la kusema hapo.

Nasikia pia sauti ya mtu maskini, na yeye sitaki kumjibu kwa haraka. Kuna mtu anayepeleka mboga sokoni kabla ya jua kuchomoza, mzigo nyuma umemzidi kimo, na mnyororo mpya ni sawa na chakula cha nyumba yake kwa siku kadhaa. Tumwambie asitoke? Asipotoka, watoto hawali. Mwalimu aliyeshiba ana ulimi mwepesi katika mambo haya, na vitabu vya maadili vimeandikwa kwa sehemu kubwa na watu walioshiba. Nakiri kwamba umaskini wapunguza mambo ambayo mtu aweza kuyanunua. Lakini haupunguzi yale ambayo mtu aweza kuyajua. Mtu huyu aliyekwisha kuutazama mnyororo wake, akajua kwamba umelika, akaukaza, akautia tone la mafuta, akaamua kwamba mlimani atashuka na kusukuma mzigo kwa miguu ingawa atachelewa, huyo ametoka na kasoro ile ile anayotoka nayo mwingine, lakini simwoni kuwa na kosa. Ameipa kasoro nafasi yake katika hesabu ya safari. Mwenzake aliyefumba macho ana mnyororo wa aina ile ile, na mlima ule ule ataupanda amesimama juu ya pedali.

Basi si kweli kwamba kila kasoro yakataza safari. Kama ingekuwa hivyo, hakuna ambaye angetoka nyumbani, kwa maana hakuna chombo kisicho na ila. Kinachotakiwa ni kuzipambanua, na kazi hii ya kupambanua sijaona mahali ilipofanywa vizuri kuliko kwa ndugu wawili wa Dayton, Marekani, Wilbur na Orville Wright, ambao riziki yao ilikuwa kutengeneza na kuuza baiskeli. Mashine yao ya kuruka iliendeshwa kwa minyororo: injini ilivuta minyororo miwili, na minyororo ilizungusha mapanga mawili ya kusukuma hewa. Mnamo Novemba 1903, walipokuwa ufukweni karibu na Kitty Hawk wakijaribu mitambo, magurudumu ya meno yalikuwa yakilegea kwenye ekseli kila walipowasha injini. Wakachukua gundi ya kubandikia mipira ya baiskeli, wakayagandisha nayo, na dawa hiyo ikakubali. Hiyo ilikuwa dawa ya muda, nao hawakuona aibu kuitumia. Lakini mwishoni mwa mwezi ule ekseli moja ikaonyesha ufa. Msimu wa baridi ulikuwa umefika, chakula na subira vilikuwa vikipungua, na mshindani wao, Samuel Langley, alikuwa karibu kuijaribu mashine yake huko Washington. Wangeweza kusema, "Ruka mara moja tu." Badala yake, tarehe 30 Novemba Orville alifunga safari ndefu kurudi Dayton ili kutengeneza ekseli mpya za chuma kisicho na uwazi ndani. Tarehe 8 Desemba, Orville akiwa bado hayupo, mashine ya Langley ilirushwa ikaanguka mtoni. Orville alirejea tarehe 11. Tarehe 17 Desemba waliruka mara nne. Mara ya kwanza sekunde 12, mara ya mwisho sekunde 59.

Kisa hicho kisikufanye udhani kwamba anayesubiri hushinda daima. Langley angeweza kufaulu tarehe 8, na majina ya wale ndugu wawili tusingeyajua. Uamuzi wao ungekuwa mwema vile vile. Ninachotaka ukione ni kwamba watu wale wale, katika mwezi ule ule, waliitendea kasoro moja kwa gundi na nyingine kwa safari ya siku nyingi, kwa sababu walizitazama zote mbili. Nati iliyolegea yakubali kugandishwa. Chuma kilichopasuka hakikubali. Hali kadhalika kwa baiskeli: mnyororo mlegevu waweza kukazwa ukaenda nawe kwa upole, pingili yenye ufa, au kabari ya pedali inayocheza, haina upole wowote.

Na kuna mtego mwingine, wa yule anayetengeneza akiwa amechelewa. Usiku wa mwisho anatia mnyororo mpya juu ya meno ya zamani. Amefanya jambo jema, moyo umetulia, analala. Kumbe mnyororo mpya hauyaafiki meno yaliyolika pamoja na ule wa kale. Asubuhi, kwenye kilima cha kwanza, unaruka kuliko ule alioutupa. Mafundi wa kweli humwambia mteja alete baiskeli siku tatu kabla ya safari, na baada ya matengenezo waizungushe mtaani chini ya mzigo. Wateja huwaona wasumbufu. Matengenezo ambayo hayajajaribiwa ni tumaini tu, nalo tumaini tulikuwa nalo tangu awali bila ya kununua kitu.

Nimeliacha nyuma jambo ambalo kwangu ndilo zito kupita yote, nalo ni abiria. Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya kituo cha nchi moja na kituo cha nchi ya pili, na ingawa siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, swali limebaki lile lile kwa kila mwenye kiti cha nyuma. Anayepanda nyuma yako amekubali hatari za barabara: vumbi, mvua, shimo, dereva mlevi. Hizo azijua kama uzijuavyo wewe. Mlio wa mnyororo wako haujui. Hawezi kukubali jambo ambalo hakuambiwa. Ukimbeba bila ya kumwambia, umejiamulia wewe na umemwamulia yeye, na nauli umeichukua kana kwamba mliamua pamoja.

Maneno yanayotakiwa si mengi. "Mama, mnyororo wangu una ila. Tambarare utatufikisha, mlimani tutashuka tutembee." Najua kwa nini hayasemwi. Mama yule, mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi, aweza kujibu, "Basi, mwanangu, ngoja nimtafute mwingine," na nauli ya asubuhi ikaenda na huyo mwingine, ambaye pengine mnyororo wake ni mbovu zaidi ila yeye amenyamaza. Msema kweli amepoteza, mnyamavu amepata. Sina njia ya kuipamba hesabu hiyo ikaonekana nzuri. Ndivyo ilivyo mara nyingi, na kijana anayeambiwa kwamba ukweli hulipa kila asubuhi atajigundulia mwenyewe kwamba haikuwa hivyo, kisha atawashuku waliomfundisha hata katika mengine. Afadhali aambiwe mapema kwamba nauli ile ataikosa, na kwamba mama yule hakuwa na wajibu wa kumlipa kwa kumwambia lililokuwa haki yake.

Sasa mfuate msafiri wetu aliyefika. Ameupanda mlima, amepita Majengo na Chavakali, ameingia Kakamega saa nne asubuhi, ameagiza chai. Mnyororo haukukatika. Katika saa hii ya raha ndipo kasoro inaposahauliwa kuliko saa nyingine yoyote, kwa kuwa sasa ina ushahidi wa kuitetea: si imefika? Lakini chuma hakiponi kwa kupumzika kivulini. Pini zilizolika jana zimelika zaidi kwa kilomita 50, na jioni kuna kurudi, safari hii mlima ukiwa wa kuteremka. Tena kuna baiskeli ambazo breki yake ya nyuma hushika kwa kukanyaga pedali kinyume. Katika hizo, mnyororo ukikatika kwenye mteremko, breki hiyo imekwenda nao. Chai bado ni ya moto. Mafundi hawakosekani karibu na soko, wana rula na nyundo zao, na jua halijafika utosini.